Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupima kadi mpya za Hearthstone kabla hazijatoka

Kila toleo jipya la Hearthstone, mchezo wa kadi wa kwenye simu na kompyuta, linapokaribia na kadi zikaanza kutangazwa chache chache, simu yangu hujaa maswali. Wengi wanaouliza ni wenzangu wa hapa Mtwara mjini na Mikindani, wachache wako Masasi, na wawili watatu ni wa Lindi. Kadi hubadilika, maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kirefu, kwa sababu majibu ya haraka ninayotoa nikiwa nasubiri pantoni ya Msangamkuu yamewahi kumpotezea mtu vumbi la miezi mitatu, yaani ile fedha ya ndani ya mchezo ya kutengenezea kadi. Aliniuliza kama kadi fulani ni nzuri, nikasema ndiyo, akaitengeneza. Kadi ilikuwa nzuri kweli, ila fungu lake halikuwa na pa kuiweka.

Kadi imetangazwa leo asubuhi. Nianzie wapi kuipima?

Funga picha ya kadi, fungua fungu lako, au deki kama wengi tunavyosema. Fungu la kawaida ni kadi 30. Zimejaa tayari, kwa hiyo kila inayoingia lazima imtoe mwenzake. Swali la kwanza, na kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote, ni hili: nitatoa ipi ili hii iingie?

Wiki ile ya kutangaziwa, karibu kila mtu anauliza "hii kadi ni kali?" Hilo swali halina jibu. Mdogo wangu mmoja wa Chuno aliwahi kunionyesha kadi mpya ya Mage, mmoja wa mashujaa unaochagua kucheza nao, ya mana 4, macho yanang'aa. (Mana ni bei ya kuicheza kadi, na kila zamu unapata moja zaidi.) Nikamwambia afungue fungu lake, anitajie kadi zake za mana 4. Alikuwa na mbili za Fireball: mana 4, maumivu 6, unampiga unayemtaka. Nikamuuliza, hii mpya inamtoa Fireball? Akanyamaza. Akapitia fungu lote kwa kidole, kadi moja moja, na kila alipogusa alitikisa kichwa. Dakika mbili zilitosha kumpa jibu ambalo mabishano ya wiki nzima yasingempa.

Wanaocheza bao wataelewa upesi. Kete zote 64 zinafanana. Kete haina thamani yake yenyewe, thamani yake ni shimo ilipo, na nani amekaa mkabala nayo. Kadi inatofautiana na kete kwa kuwa ina maandishi, na maandishi ndiyo yanayotusahaulisha kuwa nayo iko kwenye shimo.

Kuna hesabu ya haraka ya kujua kama kadi ina bei ya haki?

Ipo, na ni vizuri kuijua, mradi usiifanye msumeno wa kukatia kila kitu. Kwa kiumbe, yaani kadi inayokaa uwanjani na kupigana, asiye na maandishi yoyote, chukua mana yake, zidisha kwa 2, ongeza 1. Hiyo ndiyo jumla ya nguvu (anavyopiga) na uhai (anavyostahimili) unayotegemea. River Crocolisk ni mana 2, nguvu 2, uhai 3: jumla 5. Chillwind Yeti ni mana 4, nguvu 4, uhai 5: jumla 9. Boulderfist Ogre ni mana 6, nguvu 6, uhai 7: jumla 13.

Sasa kadi mpya ikija na jumla ya chini, ile tofauti ndiyo bei unayolipia maandishi yake. Novice Engineer ni mana 2, lakini ni 1/1 tu, yaani nguvu 1 na uhai 1. Umepoteza pointi 3, umepata kuvuta kadi moja. Ni biashara? Linganisha na Arcane Intellect, inayokuvutia kadi 2 kwa mana 3. Ukienda hivyo unaanza kuona kuwa kuvuta kadi moja kunagharimu kama mana moja na nusu, na unaweza kuipima kadi yoyote mpya yenye maneno hayo.

Hesabu hii inakuambia bei, haikuambii kama bidhaa inahitajika. Yeti ana bei ya haki kabisa, na mafungu yanayoshindana yamemwacha miaka mingi iliyopita. Kadi za siku hizi zinabeba maandishi na bado zinakaribia jumla kamili, wakati mwingine zinaizidi. Kwa hiyo nikiona kadi iliyo chini ya jumla kwa pointi 1 siipi alama yoyote, mbaya wala nzuri. Ikishuka kwa 4 au 5 ndipo nakaa chini kuisoma vizuri.

Kwa nini kadi zinazosifiwa sana kabla ya kutoka mara nyingi huishia kusahaulika?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna mfano mmoja nauona ni darasa zima.

Desemba 2014 lilitoka toleo la Goblins vs Gnomes. Ndani yake kulikuwa na kadi mbili za lejendari, daraja la kadi adimu kuliko zote, zote mbili za mana 7, na shujaa yeyote angeweza kuzitumia. Ya kwanza ni Troggzor the Earthinator: nguvu 6, uhai 6, na kila mpinzani anapotumia kadi ya uchawi, upande wako unaongezewa kiumbe wa nguvu 3 na uhai 5. Ya pili ni Dr. Boom: nguvu 7, uhai 7, na anapoingia anakuja na vibomu viwili vya 1/1. Kibomu kikifa kinalipuka na kumuumiza adui mmoja kwa bahati nasibu, kuanzia 1 hadi 4.

Kabla ya toleo kutoka, Troggzor ndiye aliyeimbwa. Watu walijionea mpinzani akitumia uchawi mara tatu na uwanja ukifurika. Dr. Boom alionekana wa kawaida: mkubwa, sawa, na vitoto viwili dhaifu. Toleo likatoka. Dr. Boom akaingia karibu kila fungu lililoweza kufika mana 7, akatawala hadi toleo lake lilipoondolewa mwaka 2016 kwenye Standard, aina ya mchezo inayoruhusu matoleo ya karibuni tu. Troggzor, ukimtaja leo, wengi watakuuliza ndiye nani.

Tofauti yao ilikuwa imeandikwa kwenye kadi zenyewe. Ichukue kila moja na uiulize maswali matatu.

La kwanza: akiingia tu, kabla zamu haijaisha, nimepata nini? Dr. Boom anakupa miili mitatu papo hapo. Troggzor anakupa mwili mmoja na ahadi.

La pili: nani anashika usukani? Maandishi ya Troggzor yanafanya kazi mpinzani akitaka. Akiwa na viumbe wa kutosha uwanjani, anamzunguka na kummaliza bila kugusa kadi moja ya uchawi, na wewe umelipa mana 7 kwa 6/6. Vibomu vya Dr. Boom havimngoji mtu. Mpinzani akiviua vinalipuka, asipoviua vinampiga.

La tatu: akiuawa mara moja, nabaki na nini? Wakati ule kulikuwa na Big Game Hunter, kadi ya mana 3 iliyomuua kiumbe yeyote mwenye nguvu 7 au zaidi. Dr. Boom alikuwa na nguvu 7 barabara, yaani alikuwa chakula chake, na Troggzor mwenye 6 alikuwa salama. Kwenye karatasi hiyo ilikuwa hoja kubwa dhidi ya Dr. Boom, na mimi ningeikubali. Lakini hata akiuawa, vibomu viwili vinabaki. Umepoteza kichwa, mikono bado inapiga.

Mtu anapoota kadi mpya, anaota siku yake nzuri. Hayo maswali matatu yanakulazimisha uione siku yake mbaya.

Nifanyeje kuiona hiyo siku mbaya wakati kadi bado haijachezwa na mtu yeyote?

Fanya kama wanavyofanya ghalani. Msimu wa korosho ukianza, magunia yanafika kwenye ghala la chama, na hakuna mnunuzi mzoefu anayenunua kwa kutazama maganda. Zinachukuliwa korosho kidogo kutoka magunia mbalimbali, zinakatwa katikati moja moja, na mpimaji anafungua nusu mbili kutazama ndani: kiini kimejaa na ni cheupe, au kina madoa, au kimesinyaa, au hakuna kitu. Nimekaa kwenye meza hiyo nikiwa mtoto, pembeni ya mjomba wangu, na nilichojifunza ni kwamba ganda linalong'aa linaweza kuwa tupu.

Kadi nayo ikate. Mimi huandika hali tatu kwenye karatasi na kuiweka kadi hiyo mkononi mwangu katika kila moja. Hali ya kwanza, ninaongoza: nina viumbe wawili, mpinzani hana kitu. Hali ya pili, tuko sawa: uwanja mtupu pande zote, kila mtu ana kadi mbili. Hali ya tatu, ninazama: mpinzani ana viumbe watatu na mimi nina uhai 11.

Kadi inayofaa hali ya kwanza peke yake inakusaidia kushinda mechi uliyokwisha kushinda. Hizo ndizo zinazonoga kwenye video, na ndizo ninazozikwepa. Ikifaa mbili, naiandika. Ikifaa zote tatu, naanza kuiwekea vumbi.

Kadi zenye sharti, zile za "kama fungu lako halina hiki", nazipimaje?

Kwa kupima sharti kwanza, halafu zawadi. Wengi tunafanya kinyume.

Agosti 2017, kwenye Knights of the Frozen Throne, alitoka Prince Keleseth. Mana 2, nguvu 2, uhai 2. Akiingia, na fungu lako likiwa halina kadi za mana 2, viumbe wote waliomo ndani ya fungu wanaongezewa nguvu 1 na uhai 1. Wengi walicheka. Kadi za mana 2 ni uti wa mgongo wa mwanzo wa mechi, nani azitupe zote kwa ajili ya kadi moja? Tena kadi ya lejendari inaruhusiwa moja tu kwenye fungu. Ukianza wewe, hadi zamu ya pili umeona kadi 5 kati ya 30, ambayo ni nafasi ya asilimia 17. Hata ukizirudisha kadi zako zote tatu za mwanzo ili kumtafuta, unampata kwa wakati karibu mara moja kati ya nne.

Hesabu hizo ni sahihi, na bado walikosea. Kilichosahaulika ni kwamba sharti hilo halina bei moja kwa mashujaa wote. Rogue ana uwezo wake wa kudumu, jambia la mana 2, ambalo hata hivyo angependa kulichukua zamu ya pili. Zamu yake haikuwa tupu hata bila kadi za mana 2. Juu ya hapo ana Shadowstep, inayomrudisha kiumbe mkononi na kumpunguzia bei kwa 2, kwa hiyo Keleseth anaingia mara ya pili na fungu linapanda tena. Na siku usipompata, unabaki na fungu la Rogue la kawaida tu, lenye afya yake.

Ndiyo maana nikiona sharti, nauliza: kuna shujaa ambaye kwake sharti hili ni karibu bure? Akiwepo mmoja tu, kadi iko hai.

Na soma sharti kwa Kiingereza chake neno kwa neno, kwa kuwa mchezo haujatafsiriwa Kiswahili. Hapa nina kovu langu. Nilimtengeneza Keleseth kwa vumbi 1,600, nikamwingiza zamu ya pili, halafu nikakaa natazama viumbe waliokuwa mkononi mwangu, hawajabadilika. Nikadhani programu imekwama. Nikaifunga na kuifungua, nikapoteza mechi. Maandishi yalikuwa yanasema viumbe waliomo kwenye fungu. Waliokwisha kuvutwa hawahusiki. Nilisoma sentensi ile zaidi ya mara kumi kabla ya kumtengeneza, na kila mara nilisoma nilichotaka. Tangu siku hiyo naitafsiri kadi kwa maandishi, kwenye daftari, kabla sijaisifia. Ukiandika unalazimika kuchagua: mkononi, uwanjani, au ndani ya fungu? Wa kwangu, wa mpinzani, au wa wote? Mara moja, au kila mara?

Nimegundua kadi mbili mpya zikikutana zinamaliza mechi. Mbona hunishangilii?

Nitakushangilia ukinijibu zinakutana mara ngapi.

Tuseme kila moja ni ya lejendari, kwa hiyo moja moja. Ukianza wewe, ukifika zamu ya 7 umeona kadi 10. Nafasi ya kuwa na moja unayoitaka ni theluthi, asilimia 33. Nafasi ya kuwa nazo zote mbili ni asilimia 10. Kadi za kawaida, unazoweka mbili mbili, ziko vizuri zaidi: hadi zamu hiyo nafasi ya kuona angalau nakala moja ni asilimia 56. Fungu likivutwa nusu, kadi 15, inapanda hadi 76, na ile jozi yako ya lejendari inafika 24.

Maana yake, kwenye mechi tisa kati ya kumi utafika zamu ya 7 jozi yako haijakamilika. Swali ni hizo mechi tisa. Kila kadi ya jozi ikiwa peke yake inafanya kazi gani? Kama moja inakaa mkononi kama jiwe ikimsubiri mwenzake, unacheza na kadi pungufu. Kama kila moja inajitegemea na zikikutana ni sikukuu, hapo nitakushangilia na soda nitanunua.

Na mimi ninayecheza Marvel Snap, ule mchezo mwingine wa kadi, hesabu hizi zinanihusu?

Njia ni ile ile, majibu yanapinduka. Fungu la Snap ni kadi 12, hakuna kadi inayojirudia, mechi ni zamu 6. Unaanza na kadi 3, unavuta moja kila zamu, hadi mwisho umeona 9 kati ya 12. Kadi moja unayoitaka unaipata asilimia 75 ya mechi, na jozi ya kadi mbili inakamilika zaidi ya nusu ya mechi. Kwa hiyo kule kadi ya jozi naipa alama za juu kuliko ningempa ndugu yake wa Hearthstone. Ila kule kila kadi ni sehemu moja ya kumi na mbili ya fungu. Kutoa moja kunauma, na swali la "inamtoa nani" linazidi kuwa kali.

Kadi ina mana kubwa mno kwenye kona. Niipite tu?

Usiipite kabla ya kusoma kama bei hiyo inashuka. Corridor Creeper, ya Desemba 2017, iliandikwa mana 7 kwa 5/5. Ukitazama namba peke yake, ni hasara. Lakini ikiwa mkononi, kila kiumbe anayekufa, wako au wa mpinzani, anaipunguzia mana 1. Viumbe hufa kila mechi bila wewe kujisumbua. Ilikuwa inaingia uwanjani kwa bei ya chini kabisa au bure, na Februari 2018 nguvu yake ilishushwa kutoka 5 hadi 2.

Kama bei haishuki na ni 8 au zaidi, kadi hiyo inatakiwa ibadilishe mechi siku inapoingia. Kuwa kubwa tu hakutoshi.

Toleo la mwanzo wa mwaka na la mwisho wa mwaka, kadi zake zinapimwa sawa?

Hapana, na hili watu hulisahau. Tangu 2016, mfumo wa Standard huondoa matoleo ya zamani mara moja kwa mwaka, linapoingia toleo jipya la miezi ya masika yetu huku. Siku hiyo hakuongezeki kadi tu, zinaondoka nyingi kwa pamoja. Kadi dhaifu inaweza kuamka kwa sababu aliyekuwa akiila ameondoka. Nyingine iliyokuwa kali inalala kwa sababu swahiba wake ametolewa.

Kwa hiyo kwa toleo hilo ninaanza na orodha ya wanaoondoka. Naipanga kwa shujaa: nani anapoteza uponyaji wake, nani anapoteza kadi za kufagia uwanja. Hapo ndipo pengo lilipo, na kadi mpya inayoziba pengo ina thamani hata kama namba zake si za kutisha. Kwa toleo la mwisho wa mwaka hakuna anayeondoka, kila kiti kina mtu, na kadi mpya inatakiwa ishindane. Mimi huwa mkali zaidi kwa toleo hilo.

Watu wa video wanazipa kadi nyota. Niwafuate?

Wasikilize sababu, nyota waachie. Wengi ni wachezaji bora kuliko mimi na wewe, lakini wanapima kadi zaidi ya mia moja kwa siku chache, na kila moja inapata dakika mbili. Pia wao wana mkusanyiko wote. Kadi inayofaa kwa mtu mwenye kila kitu inaweza isikufae wewe mwenye lejendari tatu.

Kama watu wote wanasema kadi ni mbovu, inawezekana wote wamekosea?

Inawezekana, kama kadi inajenga kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Keleseth alikuwa hivyo. Lakini kwa kadi nyepesi ya moja kwa moja, umati huwa sahihi. Mwaka 2016 shujaa Priest alipewa Purify: mana 2, unanyamazisha maandishi ya kiumbe wako mwenyewe, unavuta kadi. Wachezaji walilalamika dunia nzima, kwa kuwa Priest alikuwa hoi na alihitaji msaada wa kweli. Blizzard wenyewe, wanaoutengeneza mchezo, wakaiondoa kwenye kadi za Arena, ambako unajenga fungu kwa kuchagua kadi unazoletewa na mchezo. Hakuna aliyehitaji mwezi wa majaribio kuona kuwa kumnyamazisha wa kwako ni hasara.

Ninunue kifurushi cha pakiti, zile zenye kadi za bahati nasibu, kabla toleo halijatoka? Naona kina bei nzuri.

Kwa wengi wetu hapa jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa nini nalichukulia kwa uzito.

Huku kwetu kila nyumba inaijua kangomba. Mkulima ana shida, ada ya mtoto au ugonjwa, anaiuza korosho mapema kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya mwenye fedha, mzani haujafika. Sheria inakataza na bado inaumiza watu. Kulipia pakiti wakati nusu ya kadi hazijatangazwa si kosa kisheria wala hakufanani kwa maumivu, lakini mazoea ya akili ni yale yale: kufunga bei kabla ya kupima. Ukiwa na fedha ya ziada na unafurahia kufungua pakiti, nunua kwa amani. Ukiwa unaikata kwenye fedha ya bando na nauli, ngoja.

Tazama vumbi linavyofanya kazi. Kadi ya kawaida unaitengeneza kwa 40, ukiivunja unapata 5. Adimu ni 100 kwa 20. Epiki ni 400 kwa 100. Lejendari ni 1,600 kwa 400. Ukitengeneza lejendari isiyofaa, unahitaji kuvunja nne ili upate moja. Kosa la siku ya kwanza linakula kadi tatu za baadaye.

Ngoja wiki mbili. Siku za mwanzo kila mtu anajaribu vitu vya ajabu, na fungu lolote la haraka lenye kadi za zamani linawapiga. Wiki ya pili mambo ya uwanjani yanatulia, ndipo utengeneze. Pakiti zako za bure zifungue mapema tu, kwa kuwa kwenye pakiti 10 za mwanzo za toleo jipya umehakikishiwa lejendari moja, na huenda ikawa ile uliyotaka kuitengeneza.

Kadi ikipunguzwa makali baada ya mimi kuitengeneza?

Kwa muda mfupi baada ya mabadiliko, ukiivunja unarudishiwa vumbi lote, 1,600 kwa lejendari. Ilikuwa hivyo kwa Patches the Pirate Februari 2018, alipoondolewa uwezo wa kushambulia mara anapoingia. Usichelewe, muda huo huisha. Hii pia inamaanisha kadi kali kupita kiasi ina hatari ndogo kwa mfuko wako kuliko kadi ya wastani, ambayo haitaguswa na mtu.

Nitajuaje kama ninaboreka katika kupima?

Andika. Nina kaunta buku moja ninayoichora mistari mitatu: jina la kadi, inamtoa nani, na alama yangu kati ya 1 na 4. Naijaza kabla ya toleo na siigusi tena. Mwezi mmoja baadaye nakaa kibarazani jioni na wenzangu wawili, sahani ya ming'oko katikati, kila mtu na daftari lake, tunasahihishana kwa kalamu nyekundu.

Kumbukumbu ya kichwa inadanganya. Kila mtu anakumbuka alivyomtabiria Dr. Boom. Daftari langu lilinionyesha kitu ambacho sikukijua: makosa yangu mengi yalikuwa upande mmoja. Nilizipenda mno kadi za bei kubwa zinazoponya, na nilizidharau za mana 1. Sasa nikitaka kuipa kadi ya mana 1 alama 2, najisukuma nitafute sababu ya kuipa 3. Mwenzangu wa Mikindani ana ugonjwa tofauti, kila kadi ya Warrior kwake ni 4. Tunamjua, na yeye amejijua.

Kaka, mimi niko Lindi, nina vumbi 1,700 tu na toleo linatoka Jumanne. Lejendari ya Paladin imenikaa rohoni. Nitengeneze?

Subiri, mdogo wangu. Fungua pakiti zako za bure Jumanne, cheza na ulichonacho, na uandike ni kadi ipi ya fungu lako unayochoka kuiona mkononi. Wiki mbili zikipita na bado inakukaa rohoni, nitumie picha. Usinitumie ya kadi hiyo, nimeshaiona. Nitumie ya fungu lako lote, kadi 30, na duara kwenye ile utakayoitoa.